Siku sita nikifuata miti isiyo na majani: Ruaha Mbuyuni, Iringa, Mtera

Riziki yangu ni harusi na sendofu. Mwezi wa nane peke yake nilipiga harusi tisa, na kila mpambaji ananijazia fremu maua ya plastiki, taa za rangi na vitambaa vinavyoning'inia mpaka bibi harusi haonekani. Ikafika mahali nikatamani kukitazama kitu kisichopambwa. Ndipo nikaikumbuka ile mibuyu ya barabara ya Iringa, ambayo nimeipita mara nyingi nikiwa nimelala kwenye siti, mdomo wazi.

Septemba ndiyo wakati wake. Mibuyu ya kule huwa imeshapukutika zamani, mvua bado ziko mbali, na anga lina vumbi la kulainisha jua. Nilibeba kamera moja, lenzi mbili, tripodi, betri tatu na kanga mbili. Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi, kutoka kwenye kidaftari changu na saa zilizojiandika kwenye picha.

Alhamisi, 4 Septemba 2025: Dar hadi Ruaha Mbuyuni

Basi liliondoka Stendi ya Magufuli saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nauli Sh 32,000, na ni ile ile ya Iringa hata kama unashukia njiani. Nilijaribu kumbembeleza konda, akaniambia, "Dada, siti haijui unashuka wapi." Nikalipa.

Mpaka Morogoro hakuna la kusimulia. Mikumi barabara inakatiza katikati ya hifadhi, madereva wanakwenda taratibu kwa kuogopa faini za kugonga mnyama, na hapo nilipata picha mbili kupitia kioo: miti myembamba mitupu imesimama kwenye majani yaliyoungua. Nyingine zote zina uso wangu ndani yake. Ukitaka kupiga kupitia kioo cha basi, gandamiza lenzi kabisa kwenye kioo na uizungushie kanga. Ukiiacha nafasi hata ya kidole utajipiga mwenyewe.

Nilishuka Ruaha Mbuyuni karibu saa nane mchana. Joto la bonde lile halina adabu. Kitu cha kwanza kukupokea ni harufu ya vitunguu: viroba vyekundu vimepangwa barabarani kama ukuta, maana hapa ndiko kwenyewe, mashamba yananyweshwa na mto. Gesti Sh 15,000, feni ipo, maji ya ndoo. Mama ntilie wa mkabala na gesti alinipa wali, maharage na bamia kwa Sh 3,000, akaniuliza nimekuja kununua magunia mangapi. Nilipomwambia nimekuja kupiga picha mibuyu alisimama na mwiko mkononi. "Hii hii iliyokauka?"

Swali hilo nililisikia siku zote sita.

Saa kumi na moja jioni nikatoka kwa miguu. Kosa langu la kwanza lilikuwa la harusini: nilimsogelea kila mti kama ninayemsogelea bwana harusi. Mbuyu ukiusogelea kwa lenzi pana unakuwa tumbo tupu, na yale matawi, ambayo ndiyo yaliyonitoa Dar, yanakimbilia juu na kusinyaa. Nilipiga zaidi ya mia na karibu zote nimezifuta. Picha nzuri ya jioni ile niliipiga nimesimama mbali, ng'ambo ya barabara, kwa lenzi ndefu, lori la mafuta likipita chini ya mti likaonekana kama kiberiti.

Ijumaa, 5 Septemba: bondeni, kisha Kitonga

Bodaboda nilimkodi tangu jana kwa Sh 20,000, saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne. Alikuja kwa wakati, na alikuwa na subira kuliko wasaidizi wangu wote wa harusini. Alikuwa anazima pikipiki na kukaa kimya bila kuombwa.

Bonde la mibuyu lina ukimya wa pekee kabla malori hayajaamka. Mto Ruaha Mkuu unapita karibu, huwezi kuuona kila mahali lakini unausikia. Mibuyu inapanda mabega ya vilima mmoja mmoja, kila mmoja kama hataki kukaribiana na jirani yake. Mwanga mzuri ulianza saa kumi na mbili na nusu na kufikia saa mbili umekwisha. Baada ya hapo ni vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, kila kitu kijivu. Watakaokwenda wazingatie hilo: mna saa moja na nusu asubuhi na kama hiyo jioni. Katikati lala.

Kwenye mbuyu wa nne au wa tano nilimkuta mzee amekaa kwenye mzizi anasuka kamba. Shina lile lilikuwa na vigingi vya kupandia vilivyopigiliwa hadi kwenye matawi, na kuzunguka kiuno chake makovu mapana ya watu waliochuna gome kwa ajili ya nyuzi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba binti. Unampiga picha nani?"

"Mti, babu."

"Huu? Si ungesubiri mwezi wa kumi na mbili uvae nguo?"

Nikamwambia naupenda ukiwa mtupu hivi hivi. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe umekuja kuuchungulia ukioga."

Nilipoufananisha na mti mkavu alikataa. Alichomoa kisu, akakwangua gome pahali padogo kama ukucha. Chini ya ule ukijivu palikuwa kijani kibichi, kama ganda la njegere. "Majani umeyaweka, lakini jua bado unakula. Unalila kwa ngozi." Nimeshapita mibuyu maisha yangu yote, ubuyu nimeula tangu sina meno, na sikuwa najua kwamba mti huu una kijani chini ya gome kinachofanya kazi ya majani wakati majani hayapo. Akanionyesha na yale makovu: gome la mbuyu likichunwa linaota tena. Kovu la chini kabisa, kwa maneno yake, lilikuwa la babu yake. Hilo siwezi kulithibitisha, nami sikutaka kubisha.

Niliomba asimame chini ya mti ili watu wajue ukubwa wake. Akavaa koti lake kwanza, akafunga vifungo vyote, akasimama wima mikono pembeni. Nilirudi nyuma, nikarudi tena, mpaka mti wote ukaingia. Alitaka picha yake. Simu hana, kwa hiyo tukakubaliana nitaituma kwa basi, kwa mama ntilie wa pale stendi, wanajuana.

Mchana nilipanda Noah ya kwenda Iringa, Sh 8,000, watu kumi na mmoja na kuku wawili. Kitonga ndipo tulipokwama. Lori lilikuwa limekufa kwenye kona, na Kitonga ikiziba hakuna njia ya pembeni: upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Tulikaa saa tatu kasoro. Lakini nitasema kweli, msongamano ule ulinipa picha ninayoipenda kuliko zote za siku ile. Nilipanda kwenye ukingo, na chini yangu mteremko wote ulikuwa vijiti vyeupe na kijivu, maelfu, bila jani, umesimama kama manyoya ya mnyama aliyeshtuka. Abiria mmoja alinishika mkanda wa begi muda wote nisije nikateleza. Hatukuambiana majina.

Tuliingia Iringa usiku, baridi kali. Gesti Sh 25,000, blanketi mbili. Nilipofungua begi nikakuta kile kibati cha chini ya kamera, kinachoingia kwenye tripodi, hakipo, na skrubu yake ya kukifungia imekwenda nacho. Kimebaki Kitonga au kwenye Noah, Mungu anajua.

Jumamosi, 6 Septemba: Iringa

Siku hii ilikuwa ya kutafuta skrubu.

Fundi baiskeli wa kwanza alinipa bolti ya spana namba kumi. Inaingia nyuzi mbili inagoma. Fundi wa pili akataka kuilazimisha kwa koleo, nikamnyang'anya kamera kwa heshima. Tatizo ni kwamba tundu la kamera ni la robo inchi, na bolti za mtaani karibu zote ni za milimita. Fundi wa redio ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja mwenye studio ya picha za pasipoti, karibu na soko. Mzee alitazama chini ya kamera yangu, hakusema neno, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na stendi ya zamani iliyovunjika mguu. Akaifungua kibati chake na skrubu yake, akanipa.

Kibati chake hakikulingana na tripodi yangu, kwa hiyo tuliifunga ile skrubu moja kwa moja na washa mbili za mpira. Ikashika. Niliuliza bei, akafanya kama hakusikia. Aliniuliza napiga nini huko porini. Nikamwambia miti.

"Miti tu?"

"Miti tu, mzee."

"Enzi zetu filamu ina picha thelathini na sita. Huwezi kumpigia mti."

Nilikwenda kuijaribu ile skrubu kwenye jiwe la Gangilonga jioni, nikiwa nimevaa sweta la mtumba la Sh 5,000. Mji wote unauona chini. Mijakaranda ya mitaani ilikuwa imepukutisha majani na kuanza kutoa maua, matawi matupu yenye vishada vya zambarau, nikajisikia nimerudishwa kwenye mapambo. Nilipiga mbili tatu, nikashuka.

Kwa watakaofuata: beba skrubu ya akiba. Ni ndogo kuliko pipi.

Jumapili, 7 Septemba: Iringa hadi Migoli, na mwezi

Safari yote niliipanga kwa ajili ya usiku huu. Mwezi ungepatwa wote, na kwetu ungeonekana tangu mwanzo hadi mwisho. Nilitaka kuuona ukipatwa juu ya miti ya Mtera.

Kwa asiyeijua: bwawa la Mtera lilijengwa kwenye Ruaha Mkuu, likakamilika mwaka 1980, kazi yake ya kwanza ikiwa kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu huko chini. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja baadaye, 1988. Maji yalipopanda yaliikuta miti imesimama, na mingi bado imesimama hadi leo ndani ya maji, bila gome, bila jani. Mto huu huu ndio niliousikia kule Ruaha Mbuyuni. Maji ya kule yanapita hapa kwanza.

Basi la Dodoma lilinishusha Migoli, Sh 9,000. Barabara ni lami safi. Mteremko wa Nyang'oro unaushuka masikio yakiziba, na baridi ya Iringa unaiacha juu kama koti mlangoni. Gesti ya kwanza ilijaa, msimu wa kampeni, ya pili wakanipa chumba cha mwisho Sh 15,000. Mchana nikala perege wa kukaanga na ugali, Sh 6,000, samaki mkubwa kuliko sahani.

Jioni nikashuka ufukweni, na hapo nikagundua ujinga wangu. Ramani nilikuwa nimeiangalia, mwezi nilikuwa nimeuangalia, ila sikuviangalia pamoja. Kutoka Migoli ziwa liko magharibi. Mwezi unachomoza mashariki. Miti ya majini iko mbele yangu na mwezi uko mgongoni! Ili viingie fremu moja ningelazimika kuwa katikati ya maji nikitazama nchi kavu. Nikawaomba wavuvi. Wakatazamana. Mmoja akasema kwa upole, "Dada, usiku hapa kuna viboko na mamba. Asubuhi tutakupeleka hata bure." Nikaacha.

Mwezi ulianza kumegwa saa moja na dakika 27 usiku. Watu walitoka nje na viti. Watoto walikuwa wanahesabu. Saa mbili na nusu ulikuwa umeingia wote kivulini, mwekundu kama tofali lililotoka tanuruni, na kutoka msikitini kipaza sauti kikawaita watu kwenye sala ya kupatwa. Nilipiga mwezi juu ya mbuyu mmoja uliokuwa nyuma ya nyumba, picha ya kawaida, mnayo nyote kwenye simu zenu.

Halafu mvuvi yule yule aliyenikatalia mtumbwi akaniambia, "Geuka uone."

Mwezi mpevu kwa kawaida unazima nyota zote. Sasa mwezi wenyewe ulikuwa umezimwa. Upande wa ziwa anga lilikuwa limejaa, ule ukanda mweupe wa nyota umesimama kutoka juu ya vichwa vyetu hadi kusini magharibi, na chini yake miti iliyokufa imesimama majini kwa safu, kila mmoja na kivuli chake kilichopinduka. Nilifungua lenzi mwisho, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, sekunde kumi na tano. Skrubu ya mzee wa Iringa ikashika. Nilikuwa na dakika 82 mpaka mwanga urudi, na nilizitumia zote nikiwa nimeupa mwezi mgongo. Mvuvi alikaa na tochi yake imezimwa, mara moja moja akiiwasha kumulika ukingo wa maji, kuangalia kama kuna macho yanatutazama. Saa tatu na dakika 52 ncha ya mwezi iliwaka tena, nyota zikaondoka kama wageni walioitiwa gari.

Jumatatu, 8 Septemba: ndani ya miti, kisha Dodoma

Bure hawakunipeleka, na sikutaka. Nililipa Sh 20,000 kwa saa mbili za mtumbwi, tukatoka saa kumi na mbili asubuhi, maji kama kioo.

Ukiwa mbali miti ile inafanana kabisa na mibuyu na vichaka vya kiangazi: mitupu, ya kijivu, mizuri. Ukiwa ndani yake ni kitu kingine. Nilinyoosha mkono nikagusa shina moja. Jepesi, kavu, laini kama mfupa uliolambwa na jua. Nilikwangua kwa ukucha kama alivyofanya babu. Chini yake kijivu, na chini ya kijivu, kijivu. Ni zaidi ya miaka arobaini sasa, na bado ndege waitwao wanandi wanatua juu yake kukausha mabawa, wavuvi wanafungia nyavu, na picha zangu hazisemi upi uko hai na upi ulikufa kabla sijazaliwa. Nimeziweka pamoja kwenye skrini, ya Mbuyuni na ya Mtera, nikiwa na shauku ya kuona tofauti. Kwenye picha haipo. Ingebidi nipige na kisu cha babu.

Mvuvi aliichukia miti kwa sababu nyingine kabisa: visiki vilivyozama ndivyo vinavyochana nyavu. Maji yakipungua vinajitokeza na mtu anajua pa kupita. Yakijaa ndipo hasara.

Tahadhari moja. Msielekeze kamera kwenye ukuta wa bwawa wala mitambo. Ni eneo lenye ulinzi, na mlinzi aliyeniona na tripodi begani aliniita kabla hata sijaifungua. Alitaka kuona picha, nikamwonyesha, akapitisha kama ishirini. "Miti tu hii?" Akaniacha niende. Droni nayo iacheni nyumbani kama hamna kibali.

Basi la mchana hadi Dodoma, Sh 10,000. Nililala njia nzima, mteremko wa Fufu sikuuona, na wanaojua wameniambia nimepitwa.

Jumanne, 9 Septemba: Dodoma hadi nyumbani

Nilinunua zabibu, nikasafisha kamera vumbi, nikapanda treni ya SGR, Sh 31,000. Tiketi inataka kitambulisho, na fika mapema. Vioo vya treni visafi, lakini mwendo ni mkali mno kwa miti ya karibu: yote inakuwa mistari. Ile ya mbali ndiyo inayokaa.

Kwa wanaopenda hesabu: usafiri, malazi, boda na mtumbwi vilikula Sh 240,000, chakula kama 55,000. Sweta silihesabu, nimebaki nalo.

Picha ya babu niliichapisha Kariakoo, kubwa, nikaiweka katikati ya makaratasi mawili magumu na kumkabidhi konda wa basi la Iringa. Wiki moja baadaye mama ntilie akanipigia. Picha imefika, haijakunjika, babu ameishika mikononi na ameigeuza huku na huku.

"Sasa anauliza," akasema, "mbona yeye hayumo?"

Nikamwelekeza: chini, upande wa kushoto wa shina, yule mtu mdogo mwenye koti.

Nikasikia wanajadiliana kwa muda. Kisha mama ntilie akarudi kwenye simu. "Anasema mbuyu anaujua, anakaa nao kila siku. Alitaka kujiona yeye."

Nimemwambia mwezi wa kumi na mbili nakwenda tena.